Kukagua septiki ya nyumba ya mlimani Kigoma: umwite fundi, gari la majitaka, afisa afya au mhandisi?

"Halijawahi kujaa tangu nijenge, mwanangu." Ukitafuta nyumba ya kununua kuanzia Kalinzi hadi Manyovu, au ukipanda Heru Juu huko Kasulu, sentensi hii utaikuta kwa wauzaji wengi, na wanaitoa kama sifa ya nyumba. Isikilize vizuri. Septiki iliyojengwa sawasawa hujaa siku zake za mwanzo tu za kutumika, na baada ya hapo hubaki imejaa maisha yake yote: kiasi kinachoingia kutoka chooni ndicho kinachotoka kwenda shimo la pili, lile linalofyonza maji ardhini. Septiki isiyojaa ina ufa. Na ile ambayo mzee anasema haijanyonywa kwa miaka kumi na tano, mara nyingi si septiki kabisa bali ni shimo moja refu lisilo na sakafu, au tope lake limeshahamia shimo la pili na linaliziba taratibu bila mtu kujua.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa ya nyumba, au kabla hujaongeza vyumba na choo cha pili kwenye nyumba unayoishi, mfumo ukaguliwe. Swali ni nani aukague. Huku kwetu una njia nne za kweli: fundi wa ujenzi au fundi bomba wa karibu, watu wa gari la kunyonya majitaka, afisa afya wa kata, na mhandisi. Ya tano ni wewe mwenyewe na kijiti. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usome ukijua ninakoelekea: kwenye mteremko ugonjwa ni nadra kuwa ndani ya tangi. Uko ardhini, chini ya nyumba, mahali ambapo wakaguzi wengi hawashuki. Anayefungua mfuniko, akachungulia na kusema "iko poa" amekagua sehemu ambayo ni ngumu zaidi kuharibika.

Mlima unabadilisha nini

Mfumo wenyewe ni uleule wa tambarare. Kuna tangi la zege au bloku, kwa kawaida lenye vyumba viwili, cha kwanza kikiwa na theluthi mbili za ujazo. Uzito unatua chini kuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu kama utando, maji ya katikati yanavuka kwenda chumba cha pili kisha shimo la kufyonza lililojengwa kwa mawe au bloku zenye nafasi bila saruji. Mabomba ya kuingilia na kutokea yanatakiwa kuwa na tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) iliyoshuka ndani ya maji, ili utando usiondoke na maji. Tii ya kutokea ikivunjika, au fundi akiiruka kuokoa kipande cha bomba, utando unasafiri moja kwa moja hadi shimo la pili.

Kigoma tuna sababu ya pekee ya kuijali tii hiyo: mawese. Ni mafuta yanayoanza kuganda hata kwenye joto la kawaida la chumba, na asubuhi ya Buhigwe si ya joto. Sufuria ya migebuka iliyooshwa kwa maji moto inapeleka mafuta yakiwa majimaji, yanafika kwenye tangi lenye ubaridi, yanakaza. Nyumba ambayo sinki ya jikoni inamwaga septiki ina utando mzito kuliko vitabu vya mafundi vinavyotarajia, na kama hakuna mtego wa mafuta kati ya jiko na tangi, mkaguzi mzuri ataliuliza hilo kabla hajauliza jambo lingine.

Tofauti kubwa iko kwenye kiwanja. Kiwanja cha mlimani hukatwa: upande wa juu unachimbwa, udongo unamwagwa upande wa chini ili kupata uwanja. Nyumba inakaa kwenye ardhi ya asili, lakini shimo la kufyonza linachimbwa kwenye ule udongo wa kujaza, maana jembe linaingia bila shida na vijana wanamaliza haraka. Udongo wa kujaza unafyonza vizuri mno mwanzoni. Baadaye unalowa, unakuwa mzito, na unaanza kuuacha mlima. Ukiona ukuta wa mawe wa chini ya uwanja una unyevu katikati ya kiangazi, au umeanza kufura tumbo, usihangaike na mfuniko kwanza. Shuka.

Halafu kuna suala la maji ya kunywa. Vijiji vingi vya milimani vinategemea chemchemi na miradi ya maji ya mtiririko. Kanuni inayotumika sana ni kuliweka shimo angalau mita 30 kutoka kisima au chanzo cha maji, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au mbili. Lakini mita 30 za pembeni si sawa na mita 30 za juu ya chemchemi. Penye udongo mwekundu wa mfinyanzi maji yanakwenda polepole na ardhi inapata muda wa kuyachuja; penye mwamba uliopasuka yanapita kwenye nyufa na kufika chini yakiwa karibu kama yalivyotoka. Mkoa huu unajua gharama ya kinyesi kuingia kwenye maji: mwaka 2015 kipindupindu kiliwapiga wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, watu wengi na vyoo vichache.

Fundi wa karibu

Faida yake ni kwamba anajua mlima wenu. Anajua mwamba unaanza futi ngapi, ni upande gani wa kijiji maji hutokeza masika, na mara nyingi anamjua aliyelijenga shimo hilo, kama siye yeye mwenyewe. Anapatikana leo, hahitaji gari, na bei mnapatana uso kwa uso.

Mwache akufanyie mambo matatu ambayo wengi hawayafanyi bila kuombwa. La kwanza, asome usawa wa maji. Maji ndani ya tangi yanatakiwa yawe sawa na mdomo wa chini wa bomba la kutokea. Yakiwa juu yake, shimo la pili halipokei. Yakiwa chini na nyumba inatumika, tangi linavuja. Hicho ndicho kipimo chenye maneno mengi kuliko vyote na hakigharimu kitu. La pili, atazame ukuta wa ndani kwa tochi akiwa nje, atafute mstari wa uchafu juu ya usawa wa sasa. Mstari huo ni kumbukumbu ya masika iliyopita: maji yalipanda hadi hapo. Muuzaji anaweza kusahau, ukuta hausahau.

La tatu ni kumwaga maji mengi kwa mkupuo. Nyumba iliyokaa tupu miezi sita itafaulu ukaguzi wowote wa macho, kwa kuwa hakuna aliyeitumia. Familia ya watu sita wenye choo cha kuvuta na bafu la ndani inaweza kutoa lita 400 au 500 kwa siku. Jaza pipa mbili za lita 200, zimwage taratibu ndani ya nusu saa kupitia chooni, huku mtu amesimama kwenye mfuniko akiangalia. Maji yakipanda kidogo kisha yakashuka kwenye usawa wake, shimo la pili linapokea. Yakipanda na kubaki huko, umeshapata jibu. Najua kuna vitongoji ambako lita 400 ni punda na dumu ishirini za kubeba kutoka bondeni. Zilipie. Ni ndogo kuliko gharama ya kuchimba shimo jipya.

Kasoro ya fundi ni maslahi. Anayekagua ndiye atakayejenga, na shimo jipya ni kazi ya wiki. Sisemi wanadanganya, wengi hawadanganyi. Ila ukiambiwa "hapa bomoa tu tuanze upya", muulize anaona nini hasa, mwambie akuonyeshe kwa tochi, kisha mlete wa pili ambaye umeshamweleza kwamba hatapewa kazi ya kujenga. Utashangaa jinsi majibu yanavyotofautiana.

Kasoro nyingine ni hatari, na hapa sina mzaha. Kuna mafundi wanaoingia ndani ya tangi. Hewa ya septiki ina haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, ambayo ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu anadhani imeisha kumbe ndiyo imekolea. Kuna methani inayowaka na kabonidayoksaidi inayosukuma oksijeni nje. Mmoja anaanguka, wa pili anaruka kumwokoa, wanakufa wawili. Fundi anayeshuka na kamba kiunoni bila kifaa cha kupumulia, au anayewasha kiberiti "kupima hewa", mlipe nauli arudi kwake.

Gari la majitaka

Hili ndilo linalokuonyesha tangi likiwa tupu, na kuna vitu havionekani mpaka liwe tupu: ufa wa sakafu, mizizi iliyopenya, ukuta wa kati uliomegeka, tii iliyodondoka na kulala chini. Lakini uhondo halisi uko dakika chache baada ya mpira kunyonya. Simama uangalie bomba la kutokea. Maji yakianza kurudi kutoka shimo la pili kuingia tangini, maana yake shimo la pili limejaa hadi juu ya bomba na halifyonzi. Wakaguzi wengi hukosa ishara hii kwa sababu wakati huo wanakunja mpira na dereva ameshawasha injini. Mwombe asubiri robo saa. Mpe soda.

Sasa tatizo la mlima. Pampu ya gari haivuti maji. Inaondoa hewa kwenye tangi la gari, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma uchafu kupanda kwenye mpira. Pwani uzito huo unaweza kusukuma maji hadi kama mita 10 kwenda juu, na hapo ni maji matupu na pampu isiyo na upungufu wowote. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 inabaki kama mita 8 na nusu. Toa tope zito, mpira mrefu na pampu iliyochoka, unabaki na kidogo. Kwa hiyo barabara ikiwa juu na septiki ikiwa nyuma ya nyumba, matuta mawili chini, gari linaweza kunguruma mchana kutwa likatoa maji ya juu tu na kuliacha tope mahali pake. Utaambiwa limenyonywa. Utalipa. Halijanyonywa.

Kwa hiyo kabla ya kuita gari, pima vitu viwili: urefu wa mpira unaohitajika kutoka mahali gari litaegesha, na tofauti ya kimo kati ya gari na kitako cha tangi. Nyumba iliyo chini ya barabara ina shida. Iliyo juu ya barabara ina nafuu, kwani uchafu unashuka. Hiyo ni moja ya sababu nyumba za juu ya lami ya Mwandiga–Manyovu zinahudumiwa kirahisi kuliko zile za chini yake, ingawa watu wengi wanapenda za chini kwa sababu ya upepo na mandhari.

Magari haya makazi yake ni mijini, hivyo ukiwa Munanila au Kalinzi unalipia na safari. Njia ya kupunguza ni kuunganisha majirani watatu au wanne siku moja, ambapo kila mmoja anabeba sehemu ya mafuta. Waulize pia wanakwenda kumwaga wapi. Kama jibu ni "kuna korongo hapo mbele", umekodi watu wa kuhamisha kipindupindu kutoka kwako kwenda kwa wenzako, na sheria ya mazingira itakuhusu na wewe uliyewaita.

Halafu usiliache tangi tupu. Upande wa mlimani udongo unausukuma ukuta mchana na usiku, na maji ya ndani ndiyo yanayousukuma ukuta urudi. Tangi tupu la bloku wakati wa masika linaweza kupasuka upande huo. La plastiki linaweza kunyanyuka lote. Baada ya kukagua, rudisha maji.

Kwa maslahi, watu wa gari wanauza safari. Watakushauri unyonye kila mara shimo linapokupa shida, na kwa muda kila kitu kitaonekana kimepona, kisha baada ya wiki tatu maji yanarudi bafuni. Kunyonya hakutibu shimo la pili lililoziba.

Afisa afya wa kata

Watu wanamwogopa kwa sababu wanamhusisha na faini na ile miaka ya kampeni ya Nyumba ni Choo alipopita nyumba kwa nyumba. Mimi namwona kama mkaguzi anayesahaulika. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka ya kuingia na kukagua, na yeye peke yake kati ya wote hawa anayeangalia mfumo wako kwa macho ya jirani wa chini. Hatakwambia kama bloku zako zina nguvu. Atakuuliza chemchemi iko wapi, kisima cha fulani kiko umbali gani, uchafu wa sinki unakwenda wapi, na mfuniko unamzuia mtoto kutumbukia au la.

Kwa mnunuzi, thamani yake ni kumbukumbu. Kama jirani wa chini aliwahi kulalamika kwamba maji yenye harufu yanatokeza kwenye migomba yake, malalamiko hayo huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, yanakwenda kwa mtendaji, yanaishia mezani kwa afisa afya. Nenda kwa adabu, mweleze kwamba unakusudia kununua mahali fulani, muulize kama pana historia. "Shikamoo bwana afya, naomba ushauri kabla sijajiingiza" inafungua mlango kuliko barua. Kama eneo lina mradi wa maji wa kijiji, muulize na mtu wa chombo cha watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, maana wao wanajua chanzo kinalindwa kuanzia wapi.

Udhaifu wake: kata moja ya milimani ina vijiji vilivyotawanyika, na yeye ana pikipiki moja na kazi za chanjo, vilabu, machinjio na maduka. Unaweza kusubiri. Na akikuta kosa hana chaguo la kulifumbia macho, kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka ushauri wa siri asianzie hapa. Anayenunua aanzie hapa hapa.

Mhandisi

Kwa nyumba ya kawaida ni gharama isiyo ya lazima, na nitapita haraka. Anahitajika pale ukuta wa kuzuia udongo umeanza kulegea chini ya shimo, pale unapojenga nyumba ya wageni au hosteli yenye vyoo vingi, au pale ambapo kiwanja ni kidogo na hujui shimo jipya utaliweka wapi. Kitu anachokuletea ambacho wengine hawana ni kipimo cha ufyonzaji kilichoandikwa.

Kipimo hicho, hata hivyo, unaweza kukifanya na kijana mmoja na rula. Chimba kishimo chenye upana wa kama sentimita 30 hadi kina ambacho shimo lako la kufyonza litafanyia kazi, kijaze maji jioni ili udongo ushibe, asubuhi weka maji ya kina cha sentimita 15 na uhesabu dakika yanazochukua kushuka sentimita 2.5. Zikizidi 60, udongo ni mzito mno kwa shimo la kawaida, na huo ndio mwenendo wa mfinyanzi mwekundu ulioshindiliwa. Yakishuka chini ya dakika moja usifurahi: ni changarawe au ufa wa mwamba, na maji yako yanakwenda kwa mtu bila kuchujwa.

Wewe na kijiti

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri septiki za nyumbani zikaguliwe na mtaalamu angalau kila miaka mitatu na kunyonywa kila miaka mitatu hadi mitano. Huko ni sehemu ambako gari linafika mlangoni. Hapa mimi ningesema: pima mwenyewe kila mwaka, halafu mwite mtu pale kipimo kinapokwambia.

Chukua mti ulionyooka, uviringishie kitambaa cheupe cha zamani futi tatu za mwisho, uuzamishe polepole hadi sakafuni kupitia mfuniko wa chumba cha kwanza, subiri dakika chache, utoe. Tope linaacha alama nyeusi. Alama ikifika theluthi moja ya kina cha maji, au ikiwa imebaki chini ya sentimita 30 kufika mdomo wa chini wa tii ya kutokea, panga kunyonya. Simama upande upepo unakotoka, usiiname juu ya tundu, usivute sigara, na usiwe peke yako. Kijiti hakikwambii chochote kuhusu shimo la pili wala mteremko.

Nimeweka hapa chini kwa ufupi kila mmoja anaona nini:

| | Anachokiona vizuri | Asichokiona | Angalia |
|---|---|---|---|
| Fundi wa karibu | Usawa wa maji, tii, mifuniko, historia ya ujenzi | Nyufa zilizo chini ya tope | Ndiye atakayepewa kazi ya kujenga |
| Gari la majitaka | Tangi tupu, maji yanayorudi | Mteremko wote | Kimo kati ya gari na tangi |
| Afisa afya | Chemchemi, majirani, malalamiko | Uimara wa jengo | Foleni. Hawezi kunyamazia kosa |
| Mhandisi | Udongo, ukuta wa kuzuia, ukubwa unaofaa | Mambo ya kijiji | Gharama |
| Wewe | Kina cha tope | Karibu kila kingine | Hewa |

Wakati una uzito kuliko mtu

Ukinilazimisha kuchagua kati ya mkaguzi bora mwezi wa nane na mkaguzi wa kawaida mwezi wa tatu, nachukua wa mwezi wa tatu. Mvua za Kigoma zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Agosti ardhi ya mlima imekauka mpaka chini, inameza chochote unachoipa, hata shimo lililokufa linaonekana zima. Machi ardhi imeshiba. Maji ya mlima yanapita chini kwa chini kuingia kwenye shimo la kufyonza kutoka upande wa juu, yanachukua nafasi ya maji yako. Hapo ndipo choo kinapoanza kutoa mapovu na bafu kushindwa kupitisha.

Wauzaji wenye uzoefu wanalijua hili. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye hadithi hutangazwa kiangazi. Kama huwezi kusubiri masika, basi mstari wa uchafu kwenye ukuta wa ndani na maneno ya jirani wa chini ndivyo vitakavyokuwa masika yako. Mtafute huyo jirani. Usimuulize kama kuna tatizo, maana kati ya majirani watu hustahiana. Muulize: "Mama, masika maji hupita wapi hapa?" Atakuonyesha kwa mkono, na ukifuata mkono wake utaona majani yaliyokolea kijani mahali ambapo hayakutakiwa kukolea.

Na tazama juu ya nyumba pia. Kama hakuna mfereji wa kukinga maji ya mlima juu ya septiki, au bomba la paa linamwaga karibu na mfuniko, nusu ya shida ya mfumo ni maji safi ya mvua. Mfereji wa kukinga ni kazi ya majembe mawili kwa siku moja. Nimeona mashimo yaliyohukumiwa kubomolewa yakipona kwa hilo tu.

Umchague nani, basi

Unanunua nyumba: anza kwa jirani na afisa afya, kisha fundi asiye na tamaa ya kujenga, pamoja na zile pipa mbili za maji. Gari liite tu kama usawa wa maji una mashaka au kama tope limezidi theluthi, na gharama yake iingize kwenye mapatano ya bei. Muuzaji anayekubali kulipa nusu ya gari kwa kawaida hana cha kuficha. Anayekataa mfuniko kufunguliwa, hata ukimwahidi kuurudishia saruji, mpe mkono muagane.

Unaishi hapo na hakuna dalili: kijiti kila mwaka, mfereji wa juu usafishwe kabla ya Oktoba, inatosha.

Unaishi hapo na maji yanarudi masika tu: usikimbilie gari. Mwite fundi achunguze maji ya juu na shimo la pili. Yakirudi mwaka mzima, hapo gari lina kazi, na usisahau ile robo saa ya kutazama bomba la kutokea.

Ukuta wa chini umefura, au ardhi ya uwanja imepata ufa unaofuata mkingamo wa mlima: mhandisi, na kabla hajafika punguza maji yanayokwenda shimoni. Watu waoge nje kwa ndoo ikibidi, mbali na ukingo.

Yeyote utakayemtumia, asiondoke kabla hamjachora karatasi moja. Kona ya nyumba hadi mfuniko wa kwanza ni mita ngapi, hadi wa pili, hadi shimo la kufyonza. Kina cha tangi. Usawa wa maji siku hiyo na tarehe. Tope lilikuwa sentimita ngapi. Muandike pia jina la aliyejenga kama anajulikana. Nakala moja ibandike ndani ya kabati la jikoni, nyingine uiweke pamoja na hati ya kiwanja. Halafu mifuniko irudi mahali pake, izibwe kingo kwa chokaa na mchanga badala ya saruji ngumu ili mwakani ifunguke bila nyundo, na juu yake pasipandwe kitu chenye mizizi.